Mkojo mwekundu kama rozela, ubavu unauma: ni jiwe, kichocho au figo ndiyo inakufa?

#1 Tela Mbili
Wakuu salaam. Niko Makambako, gari limeegeshwa, mzigo ni wa Tunduma. Usiku wa kuamkia leo, saa 9 hivi, nimeamshwa na maumivu ubavu wa kulia, kwa nyuma, pale chini ya mbavu. Si mgongo wa kuendesha, huo nimeuzoea miaka 11 sasa. Haya yalikuja kama mtu anazungusha bisibisi ndani, yakashuka mpaka kinenani, yakaishia kwenye korodani. Nikalala kifudifudi, wapi. Chali, wapi. Nikashuka nikawa nazunguka gari. Utingo akachungulia dirishani: "Bosi, kuna tairi limepungua upepo?" Nikamwambia ndiyo.

Yakatulia dakika 20, yakarudi. Nikatapika. Kulipokucha nimeenda kukojoa, mkojo umetoka mwekundu, rangi ya rozela kabisa. Duka la dawa wamenichoma sindano ya diklofenaki na kunipa vidonge vya UTI. Maumivu yamepungua, wekundu bado upo.

Maswali yangu: hili ni jiwe? Naweza kufika Tunduma na kurudi ndipo nikapime? Na ni kweli mtu akianza kukojoa damu figo ndiyo inakufa? Mke wangu hajui. Naombeni mnijibu kama watu wazima.

#2 Kijiwe Nongwa
Majibu ya watu wazima umekuja kuyatafuta humu? Haya, vuta kiti.

#3 Fundi Majiko
Jiwe hilo, wala sipigi ramli. Lilinikamata 2019 nikiwa juu ya paa la mteja. Namna nilivyoshuka siikumbuki. Mke wangu ana watoto 4, wote amejifungua kawaida, akasema siku ile nimemtia aibu kwa kelele mbele ya manesi. Kunywa maji mkuu, kunywa maji mpaka uyachukie.

#4 Sista Mstaafu
Pole mwanangu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, sikupimi kwa simu, ila nakueleza ya kuangalia.

Maumivu yanayokuja kwa mawimbi, yanaanzia ubavuni na kushuka kinenani, na mgonjwa hatulii mahali pamoja, hiyo ni sura ya jiwe linalopita kwenye mrija kati ya figo na kibofu. Mwenye tumbo la kidole tumbo hujikunja akaganda, hataki hata kitanda kiguswe. Mwenye jiwe huzunguka gari.

Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Likivuka 10 nadra litoke bila kusaidiwa. Lakini sikiliza hapa: ukipata homa au kutetemeka kwa baridi pamoja na maumivu hayo, usisubiri Tunduma wala kesho. Mkojo uliozibwa ukiingia vijidudu, mtu anaondoka ndani ya siku moja. Vivyo hivyo mkojo ukikata kabisa.

Nijibu: damu inatoka mwanzo wa mkojo, mwishoni, au tangu mwanzo hadi mwisho? Na sindano hizo za diklofenaki huwa unachoma mara ngapi?

#5 Mwana wa Lambo
Mnakimbilia mawe, hamjamuuliza kwao wapi. Sisi tuliokulia Maswa kukojoa damu ilikuwa kama kuota ndevu. Tulipanga mstari kando ya lambo, anayemalizia mkojo kwa matone mekundu tunamwona amekomaa, na asiyetoa anaonekana bado mtoto. Hakuna aliyekwenda kumwambia mama. Mpaka siku walipokuja shuleni na ule ubao wa kupimia urefu: unasimama, wanasoma mstari umefika wapi, unahesabiwa vidonge. Vikubwa, vichungu, vina harufu. Tulipewa uji kwanza, nusu ya darasa uji ukarudi.

Kichocho hicho. Wote mlioogelea Ziwa Victoria mjiangalie.

#6 Mpimaji
Mwana wa Lambo umesema kweli, ila ziwa umelisingizia. Kando ya Ziwa Victoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo, damu yake inatoka kwenye choo kikubwa na kinachoharibika ni ini. Kichocho cha mkojo kinatoka huko huko kwenu kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Konokono wanaobeba ni tofauti. Nimekaa maabara, mayai yenyewe ukiyaona kwenye hadubini huwezi kuyachanganya: la mkojo lina mwiba mkiani, la tumbo mwiba uko ubavuni.

#7 Mwana wa Lambo
Sawa mkuu, nimekubali. Lambo ndilo lililonikomaza, ziwa nalifutia mashtaka.

#8 Tela Mbili
Sista shikamoo. Damu ni mwanzo hadi mwisho. Sindano nachoma kila safari ndefu, mgongo ukikaza, labda mara 3 au 4 kwa mwezi. Vidonge vyake ndiyo usiseme, vipo kwenye dashibodi kama pipi.

Na kwetu ni Misungwi. Lambo nimeoga sana, lakini nimetoka huko 2004.

Maji kwa kweli sinywi. Ukinywa maji barabara hii utasimama kila kona. Mikumi utashukaje kukojoa na nyati wanakutazama? Mizani foleni, Kitonga huwezi kusimama. Kwa hiyo asubuhi chai, mchana kinywaji cha kuongeza nguvu kimoja au viwili, usiku soda. Mkojo wangu siku zote ni wa rangi ya mafuta ya alizeti, nilijua ndiyo kawaida yangu.

#9 Sista Mstaafu
Marahaba. Hapo umejieleza mwenyewe. Damu ya mwishoni mwa mkojo mara nyingi inatoka kibofuni, ndiyo ya kina Mwana wa Lambo. Ya mwanzo hadi mwisho inaweza kutoka juu, kwenye figo au mrija. Inaweza, sijasema lazima.

Hizo pipi za dashibodi zitoe leo. Moja kwa maumivu ya jiwe ni dawa nzuri tena hospitali wanaitumia. Kila siku, mwilini mwa mtu asiyekunywa maji, zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo.

#10 Babu Kiranga
Mimi nina hoja. Haya mawe yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mchele! Miaka yote tunakula wali usiochaguliwa vizuri, chembe zinakaa, zinajikusanya, baada ya miaka 30 unapata kokoto. Ndiyo maana Wazungu wa mikate hawapati.

#11 Mkemia wa Kitaa
Babu, Wazungu wanapata mawe tena sana. Chembe ya mchele ikishuka tumboni inatoka njia ya choo kikubwa, haina barabara ya kwenda kwenye figo. Jiwe linaundwa ndani, kutokana na chumvi zilizoyeyuka kwenye mkojo. Chukua sukari uijaze kwenye chai mpaka igome kuyeyuka, inayobaki chini ya kikombe ndiyo hadithi nzima. Mengi ni ya kalsiamu na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya mimea tunayokula. Mengine ni ya asidi ya yuriki, hayo ndugu zake gauti. Mengine yanazaliwa na maambukizi ya muda mrefu, yanakua mpaka yanajaza figo kama pembe za swala.

Halafu kuna watu wakisikia kalsiamu wanaacha maziwa. Ni kinyume. Kalsiamu ya chakula inakamata oksaleti tumboni, vinatoka pamoja chooni. Ukiacha maziwa, oksaleti inapata njia ya kuingia kwenye damu. Cha kupunguza ni chumvi, na nyama choma ya kila siku.

#12 Babu Kiranga
Nyama choma imefikaje humu? Mimi nilisema mchele.

#13 Bi Makorora
Mkemia umetaja oksaleti, ngoja niseme la kwetu Tanga. Mnazijua mbirimbi? Zile chachu za kuwekea mchuzi wa papa na achari. Jirani yangu aliambiwa zinashusha mafuta mwilini, akawa anasaga bilauri nzima kila asubuhi na njaa yake. Siku ya sita uso umevimba, mkojo umekauka, akakimbizwa hospitali. Daktari alipomuuliza amekula nini akasema hajala kitu, amekunywa dawa tu, ya matunda. Kumbe matunda ndiyo hayo. Alisafishwa damu mara kadhaa ndipo figo zikarudi.

#14 Kijiwe Nongwa
Mbirimbi? Hii sasa chai.

#15 Mkemia wa Kitaa
Si chai. India, jimbo la Kerala, nako wanazila sana, na madaktari wa huko waliandika kuhusu wagonjwa kadhaa walioharibu figo kwa juisi yake namna hiyo hiyo. Mbirimbi imejaa oksaleti. Mbili tatu kwenye mchuzi wa watu sita hazina neno. Bilauri nzima tumbo tupu ni mashambulizi.

#16 Bi Makorora
Ahsante mwanangu. Kijiwe Nongwa, nakusubiri uombe radhi.

#17 Kijiwe Nongwa
Nimekukosea mama, samahani. Achari tutaendelea kula?

#18 Bi Makorora
Kula, bora usinywe.

#19 Mzee wa Baridi
Mnahangaika bure. Bia 4 baridi, jiwe linatoka na povu. Nimeliona kwa macho yangu kwa rafiki yangu.

#20 Fundi Majiko
Huyo rafiki yako alikuwa na jiwe dogo ambalo lingetoka hata kwa togwa. Nami nilishauriwa bia. Usiku nilikojoa sana kweli, asubuhi nikaamka mkavu kama dagaa, mkojo mzito kuliko jana yake. Na lile la kwangu lilikuwa milimita 9, halikutishwa na bia. Walinipitishia mpira wenye kamera kwa njia ya mbele (msiniulize), wakalivunja kwa leza. Wiki mbili nilikaa na kipira ndani, kila nikikojoa ubavu unavuta.

#21 Mtwapa Baharini
Habari zenu. Huku kwetu Mombasa dawa yake ni madafu. Nyanya yangu alikuwa akinipa madafu mawili kila alfajiri. Jiwe sijawahi kuliona tena. Mwambieni huyo dereva anunue madafu njiani.

#22 Kaka Mtu
Mtwapa Baharini, samahani, hilo la madafu nalijibu kwa kirefu maana karibu linizikie ndugu.

Kaka yangu ana miaka 44. Hakuwahi kukojoa damu hata siku moja, wala hakuwahi kupata jiwe. Yeye alianza na uchovu. Akapanda ngazi za kwake, anapumzika katikati. Chakula kikawa kinamnukia chuma. Ngozi ikawa inamwasha usiku hadi anajikuna kwa kitana. Tukatibiwa malaria, tukatibiwa typhoid, UTI ndiyo tulitibiwa mara tatu. Siku alipovimba miguu ndipo mtu akampima presha: 210 kwa 130. Kriatini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, ikaja na tarakimu ambazo aliyetupokea alizisoma mara mbili.

Sasa anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 kila mara. Hesabuni wenyewe amebakiwa na wiki ya namna gani. Mkononi wamemuunganishia mishipa miwili, ukiweka sikio inanguruma kama friji la zamani, watoto wake wanagombania kusikiliza. Maji anapimiwa: kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, na mchuzi unahesabiwa, na uji unahesabiwa. Mwezi wa Ramadhani watu wanalalamikia kiu, yeye anawatazama tu.

Mkojo ulikatika kabisa mwaka jana. Jana nilimsomea uzi huu akiwa kwenye mashine. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwambie huyo dereva hata mwekundu anao."

Sasa madafu. Dafu lina potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima anaikojoa, hana habari nayo. Kaka yangu hakojoi. Shemeji mmoja alimletea dafu kwa mapenzi yake, akanywa kisirisiri kwa kiu. Saa chache baadaye miguu haina nguvu na moyo unapiga kwa kusitasita. Akaingizwa kwenye mashine usiku wa manane. Ndizi, machungwa, viazi visivyomwagwa maji ya kwanza, vyote kwetu vinahesabiwa kama risasi.

#23 Mtwapa Baharini
Pole mno ndugu yangu. Sikulijua hilo. Salamu zake mkubwa.

#24 Jirani Mwema
Pole Kaka Mtu. Naomba kuuliza, huko kusafisha figo ni shilingi ngapi kwa mara moja?

#25 Kaka Mtu
Figo hazisafishwi. Kinachosafishwa ni damu. Nalisema kila siku maana watu wanadhani figo zikishaoshwa zinapona, wananiuliza "bado hajamaliza dozi?" Gharama zinatofautiana, tulipoanza kwa fedha taslimu ilikuwa laki mbili na ushee kila mara, na shamba la urithi liliondoka hapo. Sasa anabebwa na bima.

#26 Babu Kiranga
Samahani, mimi nina hoja ya lugha. Mnaandika "figo mbili". Ni figo moja, mafigo mawili.

#27 Kijiwe Nongwa
Babu, mafiga ni matatu na yako jikoni. Mwache mgonjwa apumue.

#28 Mlezi Mwenza
Nami niseme kidogo. Mwanangu wa miaka 7 alikojoa rangi ya Coca-Cola, na asubuhi macho yamefura. Kama wiki mbili nyuma alikuwa na mafindofindo, tukampa maji ya limao tukasahau. Hospitali wakasema mwili ulipopigana na wale bakteria wa koo, vichujio vya figo ndivyo vilivyoumia. Alipona. Kwa hiyo rangi nayo muiangalie, nyekundu na ya soda si jambo moja.

#29 Dozi Miezi Sita
Na rangi ya chungwa nayo jambo lingine! Nilipoanza dawa za TB hakuna aliyeniambia. Siku ya pili nakojoa chungwa iliyoiva. Nikapiga simu nyumbani nikaanza kuaga. Nesi alicheka: ni rifampisini hiyo, hata machozi na jasho vinageuka rangi. Fulana zangu nyeupe zote zilikufa.

#30 Kijiwe Nongwa
Uliaga nyumbani kwa rangi ya chungwa. Nimecheka mpaka bosi ameniuliza.

#31 Mtu wa Hesabu
Kaka Mtu, mmefikiria kupandikiza? Nasikia Dodoma pale Benjamin Mkapa ndipo walipoanza kwa hapa nchini.

#32 Mpimaji
Kidogo tu: Muhimbili walitangulia, Novemba 2017. Benjamin Mkapa ikafuata 2018. Kabla ya hapo safari ilikuwa India.

#33 Kaka Mtu
Tumefika huko. Mimi nilipimwa wa kwanza, kundi la damu likagoma. Dada yetu analingana naye, lakini mumewe anasema akitoa figo hatazaa tena. Mtu anaishi na moja, madaktari wamemweleza shemeji mara mbili, anaitikia, akifika nyumbani anarudi palepale. Tupo hapo tangu Machi.

Na kuhusu chanzo, kila mtu nyumbani ana lake. Daktari anasema presha ya miaka bila dawa. Mimi nalaumu vidonge vya maumivu, maana alikuwa fundi wa magari na mgongo wake ulikuwa haumwachi. Mama anasema ni yule jirani waliyegombania mpaka. Kuna mjomba anasema ni maji ya kisima yenye chumvi. Mgonjwa mwenyewe hasemi kitu.

#34 Mzee wa Baridi
Siku hizi figo inauzwa pesa ndefu, mimi nina mbili na bia nimeacha kesho.

#35 Sista Mstaafu
Mzee wa Baridi, kuuza kiungo ni kosa, na hiyo ya kwako hakuna wa kuipokea. Tuendelee.

Tela Mbili, swali lako la tatu halijajibiwa. Damu kwenye mkojo peke yake haimaanishi figo inakufa. Figo nyingi zinazokufa zinakufa kimya, kama za huyu kaka. Jiwe upande mmoja nadra lilete figo kufeli kama ya pili ni nzima, isipokuwa likiachwa limeziba muda mrefu. Umefika wapi? Umepima?

#36 Tela Mbili
Wakuu nimerudi. Ya kaka yake Kaka Mtu niliisoma nikiwa Igawa, nikasimamisha gari. Mwambie nimemsikia.

Majibu yangu haya. Mbeya nimepima. Mkojo wa asubuhi: damu nyingi, mayai ya kichocho hakuna. Kriatini wamesema iko sawa. Presha 150 kwa 95, wakanigombeza. Altrasaundi: "figo ya kulia imevimba kidogo, jiwe halikuonekana." Sasa nikajiuliza, kama jiwe halipo imevimba kwa nini? Daktari akaniandikia dawa, kufika dirishani mtoaji akaniambia, "Mzee, hii ni ya tezi dume." Nina miaka 39!

#37 Kijiwe Nongwa
Karibu kwenye chama cha wazee. Viatu vya ngozi na fimbo utapewa getini.

#38 Sista Mstaafu
Mwacheni. Dawa ile inalegeza misuli, na kwenye mrija wa figo iko misuli ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo wanampa mwenye jiwe ili lipite. Na altrasaundi inaona figo vizuri na kibofu vizuri, lakini jiwe likiwa katikati ya mrija inalipita. Hapo siti skani ndiyo inayosema.

#39 Fundi Majiko
Nilisema jiwe tangu #3. Nadai soda yangu.

#40 Mpimaji
Soda isubiri. Mkojo wa asubuhi kwa kichocho ni sampuli mbaya. Mayai yanatoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, tena mtu akiwa ameruka ruka au amepanda ngazi kidogo. Rudia.

#41 Mwana wa Lambo
NAKAZIA.

#42 Tela Mbili
Nimerudia Tunduma, saa 7 mchana. Nilipanda na kushuka kwenye gari mara 20, utingo akaniuliza tena kuhusu tairi. Mpimaji, wameona mayai mawili.

#43 Mwana wa Lambo
Soda ni ya kwangu! Bilharz mwenyewe, yule Mjerumani aliyewagundua hao minyoo Cairo 1851, angenipa mkono.

#44 Mtu wa Hesabu
Lakini ametoka Misungwi 2004. Minyoo gani hiyo ya miaka 20?

#45 Mpimaji
Kawaida wanaishi miaka michache hadi 10. Wapo waliokutwa nayo baada ya miaka 30. Au amerudi majini. Tela, umerudi?

#46 Tela Mbili
Desemba nilienda kusalimia wazee. Nilinywesha ng'ombe lamboni. Magoti tu.

#47 Mpimaji
Magoti yanatosha, wanapenya kwenye ngozi.

Na sasa nawachanganya zaidi: kichocho kikikaa miaka mingi kinaacha makovu kwenye mrija unaposhuka kibofuni, unabana. Ukibana, figo ya juu inavimba. Kwa hiyo huo uvimbe unaweza kuelezwa bila jiwe hata moja.

#48 Fundi Majiko
Na yale mawimbi ya saa 9 usiku? Kovu halimwamshi mtu azunguke gari.

#49 Mkemia wa Kitaa
Vyote viwili vinaweza kuwepo. Penye mrija uliobana, mkojo unatuama, na mkojo uliotuama ndiyo kiwanda cha mawe.

#50 Sista Mstaafu
Ameze prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa uzito wake, na siti skani apige vilevile. Kichocho cha muda mrefu kina ndugu yake mbaya, saratani ya kibofu, kwa hiyo damu ikiendelea baada ya dawa asikae nayo. Wala mtu asimwambie kwamba kwa kuwa mayai yameonekana basi mengine hayapo.

Kingine mwanangu, jiwe likitoka tunalihitaji lipimwe ni la aina gani. Kojolea kwenye kichujio.

#51 Tela Mbili
Vidonge nimemeza 4 kwa pamoja, Mwana wa Lambo hukudanganya, harufu ndiyo ileile ya darasa la tano. Siti skani nimepangiwa nikirudi Dar. Maji nanywa lita 3, nasimama kila mahali, jana nimesimama mara 9 na trafiki mmoja amenifuata kuuliza kama breki zina shida.

Kichujio nilinunua cha chai, cha plastiki, sokoni Tunduma. Leo alfajiri kimenasa kitu. Cheusi, kidogo kama punje ya ulezi, kina ncha. Nimekifunga kwenye karatasi ya vocha.

#52 Fundi Majiko
JIWE. Nimemaliza.

#53 Mwana wa Lambo
Mchanga wa Tunduma huo. Kichujio uliosha?

#54 Tela Mbili
Sikuosha kabla.

#55 Babu Kiranga
Au ni chembe ya mchele.

#56 Kijiwe Nongwa
Babu!

#57 Sista Mstaafu
Hiyo punje usiitupe, ifikishe maabara. Na wewe Tela, nakuomba kama mama yako, kichujio hicho kisirudi jikoni.

#58 Tela Mbili
Sista, nilikiacha kwenye dashibodi nikaenda kulipa maegesho. Kurudi nimekuta utingo amechemsha chai, amenimiminia na mimi. Imechujwa safi kabisa.

Yangu nimeimwaga dirishani. Yeye kamaliza vikombe viwili, sijamwambia.